Tamasha letu la mvinyo halipati wadhamini. Tunakosea wapi?

SWALI: Sisi ni chama cha wakulima wa zabibu na wasindikaji wadogo wa mvinyo, Hombolo, Dodoma. Tunaandaa tamasha la siku mbili mwezi Agosti. Tumepeleka barua kwenye kampuni 14 tukiomba udhamini wa Dhahabu, Fedha au Shaba. Mbili tu zimejibu, na zote zimekataa. Tufanyeje? Na fedha ya udhamini inakatwa kodi?

JIBU: Nakala ya barua yenu nimeisoma. Aya tatu za mwanzo ni shida tupu: hatuna turubai, hatuna jukwaa, hatuna usafiri. Meneja masoko akifika hapo keshaisukuma kwenye faili la misaada. Mdhamini ni mteja, ndugu zangu. Mwambieni anauziwa nini.

Hizo Dhahabu na Shaba ziacheni. Kwenye barua yenu zinatofautiana kwa ukubwa wa nembo kwenye bango, basi. Likateni tamasha vipande, kila kipande kiwe na mnunuzi wake. Chukueni glasi ya kuonjea. Mgeni anainunua mlangoni, anazunguka nayo banda kwa banda, anaonja mvinyo wa zabibu nyekundu za Makutupora hapa na mweupe wa Chenin Blanc pale, jioni anaondoka nayo. Nembo iliyochapwa kwenye glasi hiyo itakaa kabatini kwa mtu mjini, tuseme Area C, miaka na miaka, bango likiwa limeshaezeka banda la kuku. Mbona hamkuitaja hata mara moja?

Kipande kingine ni mabasi ya kuwarudisha watu mjini. Aliyeonja mabanda manane hafai kushika usukani, na kampuni ya bima italiona hilo haraka kuliko mtu yeyote. Maji ya kunywa kati ya onjo na onjo yana mwenyewe pia. Wauza viuatilifu na mipira ya umwagiliaji wa matone wapelekeni shambani wakutane na wakulima. Hao bango hawalihitaji kabisa. Kila aina ya biashara ipewe kampuni moja tu, na iandikwe kwenye mkataba.

Zipo kampuni ambazo, kwa sera au kwa imani ya wenyewe, hazisogezi jina lao karibu na pombe. Msibishane nazo. Wapeni upande wa zabibu: zabibu za kula, zabibu kavu, juisi, eneo la familia lililotengwa. Kwenye barua waelezeni pia mtakavyozuia walio chini ya miaka 18 wasiuziwe wala kuonjeshwa mvinyo. Swali hilo huulizwa kila mara.

Kodi sasa. Kampuni inayowalipa ili itangazwe inalipia huduma, kwa hiyo tarajieni ikate kodi ya zuio asilimia 5, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kuwapa fedha na kuipeleka TRA. Mkikubaliana milioni 10, mtapokea 9,500,000 na hati ya zuio ya ile laki tano. Hati hiyo itunzeni, ni kodi yenu iliyokwisha lipwa. Kama chama kimesajiliwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ankara iongezwe asilimia 18. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, watadai. Na mjue kwamba msaada wa hisani kampuni huuondoa kwenye hesabu zake za kodi usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, ilhali gharama ya matangazo haina kikomo hicho. Ndiyo maana neno "tunaomba msaada" linawaumiza.

Kuhusu muda, mmechelewa. Kampuni nyingi hufunga bajeti ya matangazo kabla ya Januari. Barua ya tamasha la Agosti mwakani ifike Oktoba mwaka huu. Mwaka huu ombeni vitu badala ya fedha: maji, barafu, mahema, mabasi. Hivyo meneja wa tawi huweza kuvitoa bila kusubiri makao makuu.

Jambo la mwisho: msichapishe nembo ya mtu kabla nusu ya fedha haijaingia benki. Mimi niliwahi kuchapisha mabango matatu kwa ahadi ya simu. Mdhamini hakulipa, na siku ya shughuli alifika, akapiga picha mbele ya nembo yake.