Maswali ya Wasomaji: Pweza wa Krete na weusi usiofutika

SWALI: Nafinyanga mitungi. Mteja ameniletea picha ya chupa ya kale ya Krete, kisiwa cha Ugiriki, yenye pweza, anataka ya kufanana nayo. Nilipaka masizi baada ya kuchoma, yakafutika. Walitumia rangi gani, na pweza aliashiria nini?
Mfinyanzi, Mikindani

JIBU: Dada, ile ni udongo wenye chuma, uliochujwa ukawa laini mno na kupakwa kabla ya kuchoma. Ponda kilo 1 ya udongo mwekundu mkavu, loweka katika lita 8 za maji yenye kijiko cha majivu ya kuni, koroga, acha siku 2 bila kutikisa. Mchanga ukituama, teka yale maji ya juu yenye rangi tu, yaanike mpaka yawe mazito kama tui la kwanza. Paka kwa brashi chungu kikiwa kimekauka nusu.

Kazi yenyewe iko tanurini. Kwanza hewa iingie hadi nyuzi 800 hivi. Chungu huwa chekundu chote. Kisha ziba matundu, tia kuni mbichi, panda kupita nyuzi 900 kidogo. Moshi hunyang'anya udongo oksijeni, kila kitu huwa cheusi, na ule udongo laini hujifunga kama kioo. Moto ukianza kushuka, fungua matundu: mwili wa chungu hurudia wekundu, mchoro uliojifunga hubaki mweusi. Mchoro ukitoka mwekundu, joto halikutosha au uchujaji ulikuwa hafifu. Mwili ukibaki wa kijivu, ulifungua hewa kwa muda mfupi mno. Moto wa wazi wa makuti hautafaa, hauna pa kuziba.

Kuhusu ishara: chupa mashuhuri ya namna hiyo ilipatikana Palaikastro, mashariki mwa Krete, na ni ya karibu mwaka 1500 KK. Maandishi ya Wakrete wa wakati huo hayajasomeka hadi leo, kwa hiyo anayekuambia pweza ni uzazi au mungu wa bahari anakisia. Linaloonekana wazi ni kwamba mchoraji alimjua pweza kama wanavyomjua wavuvi wa Songosongo wanaomchokoa miambani maji ya bamvua yakitoka. Amelala mshazari, macho makubwa, minyiri imejikunja kuzunguka tumbo la chupa, vinyonyeo ni viduara vidogo, na mwani umejaza nafasi zote. Usimsimamishe wima na minyiri sawa kulia na kushoto. Huo ni mtindo wa mafundi wa Mycenae, Ugiriki bara, uliokuja baadaye. Anza na macho, kisha kila mnyiri ufuate mviringo wa chupa.