Mnaopiga bendi na ndugu zenu, tafuteni mtu wa nje mapema

Ukisema unapiga bendi na ndugu zako wa tumbo moja watu wanafurahi sana, wanakwambia hapo hamtaibiana, damu nzito kuliko maji. Mi napiga gitaa, kaka yangu anaimba, mdogo wetu wa kike yuko kwenye besi, tupo hapa Moshi, tunapiga roki ya kwetu pale tunapopata jukwaa na zilipendwa kwenye harusi na kipaimara kwa sababu ndo zinazolipa. Na ninachoweza kukwambia ni kwamba undugu haujui kugawa hela wala hauamui nani kaandika wimbo. Hayo yanataka mtu na karatasi, na huyo mtu asiwe wa ukoo wenu.

Bendi iliyonifungua macho ni The Jesus and Mary Chain, najua kwetu huku wengi hawaijui. Ni kaka wawili, Jim na William Reid, wa East Kilbride karibu na Glasgow kule Scotland. Baba yao alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, akapunguzwa kazi, na kwenye hela aliyolipwa akawapa vijana pauni 300 wakanunua mashine ya kurekodia ya treki nne. Yaani mzee kapoteza kazi afu hela yenyewe anawapa watoto wakapige kelele chumbani! Kila nikiikumbuka hiyo namheshimu sana yule baba.

Bendi ilianza 1983, na 1985 wakatoa albamu inaitwa Psychocandy, gitaa zinalia fidibaki, ule mlio mkali wa sauti ya spika kurudi kwenye gitaa, mpaka unadhani mitambo imekufa, kumbe chini yake kuna melodi tamu kabisa za kizamani, sikiliza kwa hedifoni utanielewa. Mwanzoni walikuwa wanapanda jukwaani dakika 15 au 20 wanashuka, na Machi 1985 London watu wakafanya fujo ukumbini. Ila ndani ya bendi wao wawili walikuwa kitu kimoja, nyimbo zote za albamu ile zimeandikwa kwa majina yao wote wawili.

Sasa ruka mpaka 1998. Wanatoa albamu inaitwa Munki, wimbo wa kwanza unasema naipenda roki, wa mwisho unasema naichukia. Septemba mwaka huohuo wako Los Angeles, shoo ikavunjikia jukwaani mbele ya watu, William akaondoka, wenzake wakamalizia ziara bila yeye na 1999 bendi ikafa rasmi. Pombe ilikuwepo na hawajaficha. Lakini mi naona pombe peke yake haiui bendi ya ndugu, kinachoua ni kwamba hakuna mtu chumbani anayeweza kusema basi inatosha akasikilizwa na pande zote mbili. Ndugu hawezi, maana ukisema tu neno unarudishiwa mambo ya utotoni, nani alikuwa anapendwa, nani alisomeshwa na nani hakusomeshwa.

Na angalia walivyorudi. Kwanza dada yao Linda alirekodi albamu yake kwa jina la Sister Vanilla na kaka zake wote wawili wakashiriki. 2007 bendi ikasimama tena jukwaani kwenye tamasha la Coachella kule California. Albamu mpya ikachukua miaka kumi mingine, 2017, inaitwa Damage and Joy, na safari hii walimweka prodyuza wa nje anaitwa Youth. Watu waliozoea kujirekodi wenyewe toka enzi za ile mashine ya baba yao! Afu 2024 wakatoa nyingine, Glasgow Eyes. Kwangu mimi huyo prodyuza wa nje ndo somo lote la hii bendi.

Sisi mwamuzi wetu alikuwa mama. Mama anatupenda wote na hapo ndo penye shida, kwa sababu mama hukumu yake ni ya umri, we mdogo muache kaka yako, au ni ya huruma, huyu ana watoto muongezeeni. Kwenye chakula cha nyumbani ni sawa kabisa ila kwenye bendi haifai. Disemba Wachaga wote wanarudi nyumbani, kila wikendi kuna kipaimara, ubatizo, harusi, hela inaingia kwa fujo, na ndo mwezi tuliokuwa tunanuniana kuliko yote. Nakumbuka usiku mmoja Kibosho, sherehe imeisha, mdogo wetu kakaa juu ya spika anahesabu noti kwa tochi ya simu, kaka kasimama anasema advansi ilishaliwa kwenye mafuta ya jenereta, mimi nasema mafuta nililipa mimi, na mwenye mitambo pembeni anasubiri chake huku anakunja waya polepole kwa makusudi asikie kila neno.

Baada ya hapo tukamtafuta mama mmoja mtaani kwetu, mweka hazina wa kikundi chake cha vikoba, hana undugu na sisi wala hajui tofauti ya besi na soloo. Advansi zote zinaingia kwenye laini yake. Ana kauntabuku, ukurasa mmoja shoo moja: kilicholipwa, mitambo, gari, mafuta, chakula, kinachobaki kinagawiwa sawa na yeye ana asilimia yake. Ukitaka kukopa unakopa kwake, anaandika, unasaini. Kaka alikuwa mkali kweli mwanzoni, eti mtu baki atajuaje mambo yetu, lakini mtu baki anakwambia hapana bila kukukumbusha chochote cha zamani, na we unakubali maana huna pa kuanzia kumlaumu.

Nyimbo nazo ziandikieni karatasi yake kabla hamjaingia studio, sio baada. Mashairi ya nani, melodi ya nani, asilimia ngapi kila mtu, afu mkasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina hayohayo. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa, na mkiwa watunzi wawili hiyo 50 inahesabiwa toka afe wa mwisho. Kwahiyo hapo mnaandikia mpaka watoto wenu, na mtoto wa kaka yako hatakuwepo studio kujua ile korasi nani aliileta. Angalia Oasis, bendi ya Uingereza ya kaka wawili, Noel na Liam Gallagher, Noel ndo aliandika karibu nyimbo zote za albamu za mwanzo na Liam ndo sauti ambayo dunia inaikumbuka, Agosti 2009 Noel akaondoka wakiwa Paris, wakaja kusimama tena jukwaa moja 2025. Mtunzi na muimbaji kila mmoja anaona bila yeye hakuna bendi, na wote wako sahihi, kwahiyo kaeni chini mliongee hilo wakati bado mnacheka pamoja.

Kuna na hili la wasio ndugu. Wilson na George Kinyonga, kaka wawili wa Tanga, walipita hapo jirani Arusha na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuvuka Kenya kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 wanamuziki wao kadhaa wakatoka wakaanzisha Les Wanyika, na hiyo nayo ikawa bendi kubwa. Nikiisikia historia hiyo namfikiria mpiga drams wetu ambaye ni Mpare. Tulikuwa tukifika kwenye hela tunahamia Kichaga bila hata kujua, yeye anabaki anaangalia fimbo zake. Siku hizi hela inaongelewa Kiswahili tu, na kura yake ni sawa na ya kaka.

Kama mna kazi za Disemba fanyeni hili mapema, wakati bado watu hawajaanza kulipa advansi, kwa sababu hela ikishaingia hakuna atakayekubali karatasi. Ukurasa mmoja unatosha, nani anashika hela, mgao ukoje, nyimbo za nani, na anayetaka kutoka anatokaje na anaondoka na nini. Wote msaini, na mpiga drams naye.