Uko ukurasa wa ngapi?

Kwa miaka miwili, mtu akiniuliza ninasoma nini, nilikuwa na jibu moja tu: Mudimbe, The Invention of Africa. Jibu hilo lina uzito hapa Lubumbashi. Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa, alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafundisha kwenye chuo kikuu cha mji wetu, na kile kitabu alichokitoa kwa Kiingereza mwaka 1988 kinatajwa na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye auditoire, ukumbi wa masomo wa chuo. Mimi nilikuwa nacho kwenye simu, PDF niliyotumiwa na rafiki. Nikishakitaja, watu walitikisa kichwa kwa heshima, halafu mazungumzo yakarudi kwa Mazembe, timu yetu ya mpira.

Jumapili moja nikawa kwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mtaa wa Katuba. Jirani yake, mama mmoja mshonaji, alikuwa amechuchumaa pembeni ya mbabula, jiko la makaa, anageuza mahindi. Akaniuliza ninasoma nini, nikatoa jibu langu. Akauliza tena bila kuinua macho: "Weye uko ku paje ya ngapi?"

Nikasema mia na kitu.

"Mia na ngapi?"

Nikafungua simu nikijifanya natafuta. Mwangaza wa simu ulimwelekea yeye kuliko mimi. Ukurasa wa 11. Yule mama alicheka mpaka hindi moja likaangukia kwenye majivu, akaliokota, akalipangusa na kunipa mimi lile lile.

Tangu siku hiyo simuulizi mtu anapenda vitabu gani. Swali hilo ni kama kumuuliza mtu kama anaenda kanisani: utapata jibu zuri, na hutajua kitu. Namuuliza yuko ukurasa wa ngapi, kisha namuuliza pale alipofika kunatokea nini. Mtu aliyemaliza kitabu anakupa muhtasari kama mwalimu wa darasa la sita. Aliye katikati anakupa mashaka yake. Anakwambia yule shemeji hamwamini, au kwamba jana alilala saa saba usiku kwa ajili ya sura moja tu, au kwamba amekwama na hajui kama aendelee. Hapo ndipo na wewe unapata hamu.

Yule mama naye alikuwa na kitabu. Alikitoa chini ya mashine ya kushonea, na alama yake ya ukurasa ilikuwa kipande cha kikwembe (kitenge) cha bluu alichokata kwenye mabaki ya kazi. Alikuwa anakisoma kwa mara ya pili: Entre les eaux, riwaya ya Mudimbe huyo huyo, ya mwaka 1973. Ni habari ya Pierre Landu, padri Mwafrika anayeacha parokia na kujiunga na waasi wa msituni, na kule nako hapati mahali pake. Akaniambia: "Kama unamutaka Mudimbe, anzia kwa huyu padri. Ile ingine itakungojea." Nilikimaliza kwa siku nne. Kilichonishika ni jinsi Landu anavyojichunguza bila kujihurumia, hata unapomwonea huruma anakuwa kama anakukatalia. Ningekufa na ukurasa wangu wa 11 kama mama yule hakunishika uongo.

Sasa tunakutana Jumapili moja ndiyo, moja hapana, watu sita au saba, pale pale uani kwa yaya. Hatuna rais wala katibu, maana mji huu ukishampa mtu cheo cha katibu, kitu kinakufa na michango inabaki. Kila mtu anataja ukurasa wake. Yaya yangu anasoma Biblia peke yake, na anataja sura na mstari. Tunamhesabu kama wengine, tena mwaka huu ndiye aliyetusimulia vizuri zaidi, alipofika kwenye Waamuzi.

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote ni huu: kubali watu waache vitabu. Binti mmoja wa sekondari alituletea Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2014. Baa, machimbo, mji usio na jina, sentensi zinazokimbia kama tarumbeta. Binti alikuwa anakisoma anacheka peke yake. Mama mshonaji alikichukua, akakirudisha baada ya kurasa thelathini, akasema: "Mambo haya nayasikia bure kila usiku nyuma ya ukuta, siwezi kuyanunua." Hakuna aliyemlaumu. Mimi nilikipenda, lakini nilikisoma kwa sauti, na nadhani bila sauti kinapoteza nusu ya utamu wake. Kama angelazimishwa kukimaliza, Jumapili iliyofuata angesingizia hodi hodi ya wateja na asije.

Kisa cha mzee ndicho ninachokikumbuka zaidi. Ni mstaafu wa Gécamines, kampuni ya machimbo ya serikali, anavaa miwani iliyofungwa kwa waya mwembamba wa shaba upande mmoja, na alikuja mwanzoni kwa sababu ya chai tu. Alisema yeye si mtu wa mabuku. Nilikuwa na Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1979, juu ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Nikamsomea kurasa mbili. Kiswahili chake si chetu. Kile cha Unguja kwetu ni kama kuvaa suti kwenda kuchota maji. Tulisimama kila mstari. Gati ni nini? Shehena ni nini? Mzee alikuwa ananijibu yeye, mimi niliyesoma nikawa mwanafunzi, kwa sababu alijua kazi yenyewe: mzigo, msimamizi, mshahara usiotosha, mtu anayeumia na kesho yake nafasi yake imechukuliwa.

Nilipomweleza kwamba Rashidi na wenzake wanaelekea kwenye mgomo, aliinua mkono nisimame. Akaanza kutusimulia Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya machimbo ya Wabelgiji, walipogoma hapa, mji ukiitwa Elisabethville, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, akauawa. Baba yake alikuwa anakaa kwenye kambi ya kampuni miaka ile. Mzee hakuwahi kutusimulia hayo, na yaya anamfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwa imebidi watu wa bandari ya mbali waingie uani kwanza. Akaondoka na kitabu kwapani.

Kwa hiyo, ukitaka kumpa kitabu mtu anayesema hasomi, usimpe kile kinachosifiwa. Mpe kile chenye kazi aliyoifanya. Binti yule yule alimpatia mzee kitu kingine baadaye, historia ya mji huu iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa maboi kwenye nyumba za Wazungu. Imeandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapa, si cha Unguja. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na inapatikana bure kwenye intaneti. Ukiisoma kimya utadhani ni makosa matupu, maana maandishi yake hayafuati kanuni za shuleni. Isome kwa sauti, ghafla ni babu yako anayeongea.

Kuhusu kupata vitabu, sina siri. Vingi vyetu ni vya mkono wa pili, vile vinavyotandikwa chini kwenye turubai mjini, na vingine ni PDF za kwenye WhatsApp ambazo zinafaa sana umeme ukikatika, mradi simu uliichaji mchana. Cha mkono wa pili, kabla ya kulipa, fungua mwisho. Mimi sikufungua. Nilinunua riwaya ya polisi kwa franka elfu tano, nikaisoma kwa pupa wiki nzima, nikafika mahali mpelelezi anafunga mlango na kuwaambia watu wote wakae chini, na kurasa zikaisha. Fungu zima la kurasa za mwisho lilikuwa limeng'olewa, huenda kufungia karanga. Nilipoeleza msiba wangu uani, kijana mmoja wa pikipiki akasema amewahi kuisoma. Akatusimulia mwisho wote, nani aliua, kwa nini, jinsi alivyokamatwa akiwa anavuka mpaka wetu na Zambia, Kasumbalesa. Kasumbalesa! Kitabu cha Paris. Tulimwacha amalize. Ulikuwa mwisho mzuri.

Kuazimana kuna maumivu yake pia, na hapo mimi ni mkali. Tuna daftari la kurasa mia, jina la kitabu, jina la mwenyewe, tarehe. Asiyeandika haondoki nacho, hata akiwa mjomba. Nimeshapoteza vitabu vinne kwa watu wa heshima sana.

Jumapili iliyopita hali ilikuwa hivi. Binti yuko ukurasa wa 88 wa kitu cha mtihani wa taifa na hataki kukizungumzia. Yaya yuko Ruthu, sura ya pili. Kijana wa pikipiki yuko ukurasa wa 5, amekuwa hapo tangu mvua zianze. Mama mshonaji hakutaja, alisema hafikirii kuna mtu wa kumshika yeye uongo. Mzee alishamaliza Kuli tangu mwezi wa pili na daftari linamdai, lakini kila nikimkumbusha anasema bado kuna mahali anarudia. Mimi niko ukurasa wa 23 wa The Invention of Africa. Mama aliomba kuona simu.