Kutangaza kamari kwenye ukurasa wako wa soka

Mdogo wangu, una wafuasi 40,000, kampuni ya kubeti inakupa kiungo (linki) cha kujiunga nayo na asilimia 30 ya "mapato", nawe unauliza kama inalipa na kama ni sawa.

Inalipa. Niliifanya miezi saba. Ila soma mkataba: "mapato" ni pesa wanazopoteza waliojiunga kupitia kiungo chako. Wakiliwa, unakula, wakishinda, hupati kitu. Waliokuwa wakiniandikia usiku kuomba mkeka (orodha ya mechi za kubetia) walikuwa vijana wa bodaboda na wanafunzi wenye pesa za karo. Nikaacha.

Sheria nayo hubadilika ghafla. Tarehe 29 Aprili 2025, hapa Kenya, serikali ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Usiweke chochote kabla hujathibitisha leseni yao na wakili hajasoma mkataba.

Mimi ningekataa nikatafute muuza jezi, hata akilipa kidogo. Ukikubali, basi kataa asilimia. Dai bei moja kwa kila tangazo, useme wazi umelipwa, na usiahidi ushindi kamwe. Mfuasi akikuambia amezama kwenye madeni, usimpe mkeka mwingine. Mwelekeze kwa mshauri nasaha.