Unaanza kusoma historia ya majiko? Anza na moshi

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi, mkikutana na jiko la zamani msikimbilie mwaka wala jina la fundi, kwanza ulizeni hewa inaingilia wapi, moshi unatokea wapi na joto linabaki wapi. Hapo ndo utajua lilikuwa la kazi gani, maana majiko mengi yalijengwa kupasha nyumba joto na sio kupika, na wengi wanachanganya sana hapo.

Mfano pech, lile jiko la matofali la Urusi. Moshi wake unazungushwa kwenye njia za ndani na kuyaachia matofali joto, kwa hiyo moto ukishazima jiko linaendelea kutoa joto masaa mengi tu. Humo humo wanaoka mkate, na juu yake watu walikuwa wanalala kabisa. Ukiandika tu "jiko la kupikia" umeacha nusu ya habari.

Au jiko la chuma la Benjamin Franklin, mvumbuzi wa Amerika, miaka ya 1740. Moshi ulilazimishwa kushuka kwanza ndo upande juu kwenye dohani, sasa dohani ikiwa ya baridi haivuti vizuri na moshi unarudi chumbani. Gavana wa Pennsylvania alitaka kumpa hataza, yaani haki ya kulitengeneza peke yake, Franklin akakataa, kwa hiyo mafundi wengine walikuwa huru kulirekebisha, ndo maana yanayoitwa kwa jina lake hayafanani.

Kwenye kupika someni Count Rumford, mwanasayansi wa miaka ya 1790, aliyefungia moto ndani, kila sufuria na tundu lake na moto wake na kilango cha kupunguza hewa. Mimi namkubali sana huyu.

Halafu 1892 Uswidi, Frans Lindqvist na Primus, jiko la mafuta ya taa la kupampu lisilo na utambi. Angalieni kile kisahani chini ya kichomeo, sio cha kukingia mafuta yanayomwagika, ni cha spiriti, unaiwasha kwanza kichomeo kipate moto ili mafuta yageuke mvuke, ndo maana haliweki masizi likiwaka vizuri.

Na mkipewa jiko la kuni mlichunguze, tafadhali msilisugue kabla ya kupiga picha ndani kwa tochi, yale masizi ndo yanaonyesha moshi ulipita wapi na yakishatoka hayarudi.