Kumbukumbu ya Babu Aliyefia Vitani

SWALI: Baba yangu alikuwa askari, akafia vitani kabla wanangu hawajazaliwa. Ningependa tumkumbuke nyumbani, lakini mdogo ana miaka 6 nami nachelea kumtia hofu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na mtu kabla ya vita. Weka picha yake mezani, uwaache watoto washike kifungo cha sare yake, kisha usimulie alivyokuwa akicheka na alivyokubeba mabegani, kwa kuwa mtoto humheshimu yule anayemjua. Mdogo akiuliza babu alikufaje, mjibu kweli kwa ufupi, kwamba aliuawa vitani. Usimwambie kuwa amelala, maana huenda naye akaogopa kulala.

Kisha nyamazeni pamoja. Tarehe 11 Novemba 1919, mwaka mmoja baada ya mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza kukoma, Waingereza walinyamaza kwa dakika 2. Kwa mtoto wa umri huo, naona dakika 1 yatosha kabisa. Wakumbukeni pia wasiotambuliwa: London mwaka 1920, na Paris mwaka 1921, zilimzika kila moja askari mmoja asiyejulikana jina, kwa niaba ya wenzake wote. Mkubwa aweza kuwasimulia hilo, huku mdogo akiwa amekushika mkono.