Nilipeleka Moto Palipotakiwa Maji: Jibu Langu Kuhusu Kusikia Kikorea

Wadogo zangu, mmeniuliza kama miaka miwili ya kusoma Kikorea hapa Seoul imetosha kunifanya nielewe watu. Jibu langu la kweli ni kwamba darasani naelewa, lakini katika mkahawa wa nyama choma ninakofanya kazi jioni, bado nababaika.

Mwezi wangu wa kwanza pale, feni ya kufyonza moshi ikinguruma na wateja wakigonganisha glasi, mwenye mkahawa aliniitishia kitu kwa neno moja, nami nikasikia "bul", yaani moto, nikampelekea makaa yaliyokolea. Kumbe alitaka "mul", maji. Wateja walicheka, yeye hakucheka. Baadaye nilifahamu kwamba Wakorea wanapoanza neno kwa m, mara nyingi sauti haipiti puani kwa wingi kama yetu, hivyo hata penye utulivu mgeni huweza kuidhania b. Feni ilifuta kile kidogo kilichobaki.

Kilichonitesa zaidi ni utatu wa konsonanti zao. "Dal" ni mwezi, "ttal" ni binti, "tal" ni kinyago, na yote matatu huanza kwa sauti ambayo sikio letu huiweka kwenye t au d. Sisi wa Mombasa tuna nafuu kidogo, kwa kuwa tangu utotoni tunatenga paa la nyumba na paa wa porini, ambaye hutamkwa kwa pumzi. Kwa hiyo niliegemea pumzi, na mwalimu alinisifu kila karatasi niliyoishika mbele ya mdomo ilipopepea. Lakini pumzi ni mvumo hafifu, nayo humezwa upesi na mvumo mwingine. Isitoshe, vijana wa Seoul siku hizi hutoa pumzi karibu sawa katika "dal" na "tal". Kinachoyatenga hasa ni kidatu, yaani kiwango cha sauti kuwa juu au chini, cha irabu inayofuata, ambacho huanza chini kwa mwezi na juu kwa kinyago. Kidatu hustahimili kelele kuliko pumzi, na ndiyo maana wenyeji huelewana kana kwamba feni imezimwa, huku mimi nimesimama na sinia nikisubiri pumzi isiyonifikia. Laiti ningefundishwa kidatu tangu wiki ya kwanza.

Miisho ya maneno nayo ina taabu yake. Katika "bap", wali, na "bak", kibuyu, mdomo au ulimi hufunga sauti bila kuifungua, nasi tumezoea neno liishie kwa irabu. Mkorea husaidiwa na muktadha, kwani hakuna anayeagiza kibuyu saa 2 usiku.

Namba za meza ndizo hazina muktadha: "il" ni 1, "i" ni 2, na meza hizo mbili zimepakana. Siku hizi wenzangu hunionyesha kwa vidole, na mwenye mkahawa akitaka maji huinua glasi tupu.